Glavu za Shemeji

Injini haikufa kwa wimbi. Ilikufa kwa uji wa barafu ulioziba tundu la kuvutia maji ya kupoza. Ikapata moto, ikatoa harufu ya rangi inayoungua, ikanyamaza. Mashua ya mpira iligeuka ubavu. Upepo ukaikamata, ukaisukuma mbali na mitego ya samaki na mbali na meli ya utafiti, ambayo ukungu ulikuwa umeshaimeza.

Walikuwa wawili. Mwendesha mashua alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushee, nusu ya umri wake ameimalizia kwenye bahari ya baridi. Mwenzake alikuwa mume wa dada yake, fundi wa maabara, ambaye mabaharia walimwita Chupa kwa kuwa hawakupata kumwona bila vichupa vyake.

"Shemeji, nipe lile sanduku la chungwa," mwendesha mashua alisema, kichwa bado kimeinamia injini. "Turushe fataki kabla hawajatusahau."

Sanduku la dharura: fataki za ishara, maji ya kunywa, redio ya mkononi, mablanketi. Chupa alijua lilipo. Lilikuwa kwenye sitaha ya meli, pale alipoliweka mwenyewe asubuhi baada ya kulifungua mikanda ili apate nafasi ya sanduku lake la bluu. Ndani ya la bluu mlikuwa na vichupa mia mbili na arobaini vya spiriti, maana kipande cha pezi kikikatwa lazima kizamishwe papo hapo, la sivyo vinasaba vinaharibika. "Vichupa visikose nafasi," mkuu wa utafiti alikuwa amesema. Hakusema ondoa la dharura. Wakubwa hawasemi. Wanakuachia ufanye, halafu wanakushangaa.

"Halipo," Chupa alisema. Hilo lilikuwa kweli, na angeweza kukomea hapo. "Nadhani wimbi limelichukua."

Mwendesha mashua aligeuka. Alipatazama pale patupu, kisha akaitazama mikono yake.

"Nilifunga mimi," alisema polepole. "Fundo langu lile. Nisamehe, shemeji."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Kinywa cha Chupa kilikuwa wazi kabisa, akakifunga.

Glavu zake zilikuwa zimelowa tangu mtego wa kwanza. Shemeji yake aliziona zinavyochuruzika maji, akavua glavu zake nene za manyoya, akamtupia mapajani. "Vaa. Nimekuponza mimi." Chupa akavaa. Zilikuwa bado na joto la mikono ya mwenyewe.

Mawimbi yaliwatupa kwenye ufuko wa mawe mchana ulipokuwa umekwisha nguvu. Mwamba uliipasua mashua tumbo na kung'oa tangi la petroli, bahari ikaondoka nalo. Mwendesha mashua alivuta kamba ya mashua kwa mikono mitupu hadi maji yalipomfikia magotini tu. Alipoiachia, vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vyeupe kama mshumaa.

"Vinauma?" Chupa aliuliza.

"Vingeuma ningefurahi." Akavibana kwapani. "Usilambe hiyo barafu ya majini, ina chumvi. Kwangua theluji juu ya mwamba, iyeyushe kwenye kopo kifuani, ndipo unywe. Na usilale. Ongea. Nyinyi watu wa maabara mnapenda kuongea."

Chupa akaongea. Kila samaki, alisema, amebeba maandishi ya urithi wake, na ukiyalinganisha unajua nani ni ndugu wa nani na ukoo uligawanyika lini. Bahari hii ilipoanza kupoa, zamani mno, samaki wengi walikufa au walihama. Waliobaki walikuwa na protini inayozuia barafu kuota ndani ya damu. Na katika ukoo huo likazuka tawi ambalo damu yake haina rangi.

"Wale kama maji."

"Wale. Jeni ya kutengeneza wekundu wa damu iliharibika. Waliponea kwa sababu maji ya baridi hubeba hewa nyingi. Lakini mabaki yake bado yamo, shemeji. Ukisoma unayaona, kama kuta za nyumba iliyobomolewa. Ndivyo tunavyojua kwamba babu zao walikuwa na damu nyekundu."

"Kwa hiyo kosa halifutiki."

Chupa alikwangua theluji zaidi, akaitia koponi.

"Yule wa kwanza wa ile aina mpya nilimleta mimi," mwendesha mashua aliendelea, bila hasira, kama anayehesabu siku. "Miaka kumi na miwili sasa. Nilimleta kwa ndoo. Ulikuwepo, ulikuwa umevaa koti jipya jeupe, unajiona waziri. Mliandika nani kwenye karatasi ya jina?"

Mwandiko ulikuwa wa Chupa. Mbele ya neno "Aliyekusanya" aliandika jina la mkuu, kama alivyoambiwa, na mkuu akazunguka dunia na samaki yule akipigiwa makofi kwenye kumbi zenye mazulia. Aliyebeba ndoo alirudi kuosha sitaha.

"Sikumbuki," Chupa alisema.

"Haya. Zivute vizuri hizo glavu mkononi, upepo unaingia."

Asubuhi ukungu ulipasuka, wakasikia meli kabla ya kuiona. Chupa alilifungua sanduku la bluu. Hakufikiria mara mbili. Kichupa baada ya kichupa, alimimina spiriti kwenye kopo la kukombea maji, pamoja na vile ishirini na saba vilivyokwisha kupata pezi. Mwendesha mashua alikuwa mvutaji, alikuwa na kiberiti cha gesi.

"Spiriti haina moshi," alionya. "Mwagia jaketi langu la kuokolea, na kamba."

Moshi ulipanda mweusi, mnene, wenye kunuka. Meli ikapiga honi.

Mashua ya waokoaji ilipogusa mawe, baharia aliruka nje amekumbatia sanduku la rangi ya chungwa, mikanda yake imekunjwa vizuri juu ya kifuniko.

"Nyinyi nanyi," alisema. "Mbona mliliacha hili sitahani?"

Mwendesha mashua aliitazama ile mikanda. Kisha akatazama glavu zake zilizokuwa kwenye mikono ya mtu mwingine.

"Kumbe fundo langu halikuwa na neno," alisema, akapanda mashua ya waokoaji, akaketi akimpa Chupa mgongo.

Mkuu wa utafiti alimwita Chupa chumbani kwake, akamsogezea ripoti iliyokwisha kuchapwa. Ilisema sanduku halikufungwa ipasavyo na mwendesha mashua. "Weka sahihi," alisema. "Inatufaa sote. Yeye anakaribia kustaafu."

Chupa alichukua kalamu. Alikata mstari ule, juu yake akaandika kwamba sanduku alilitoa yeye, kwa mkono wake, na kwamba alidanganya. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa bado mkononi, akaandika na habari ya ndoo.

Hospitalini, mjini kwao, walikuwa wamemkata mwendesha mashua vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Chupa alisimama miguuni pa kitanda, akaziweka glavu juu ya shuka. Shemeji yake alimaliza kusoma nakala ya ripoti, akaikunja.

"Ungeniambia mle mashuani ningekutukana hadi ukoo wako wa saba. Halafu ningebaki na glavu zangu."

"Ndiyo, shemeji."

Mwendesha mashua alijaribu kuvaa ya kushoto juu ya bandeji, haikuingia. Akaipapasa pale ambapo vile vidole vitatu vingeingia.

"Dada yangu anajua?"

"Anajua ni baridi tu."

"Basi nenda ukamwambie. Kwa mdomo wako, si kwa karatasi. Na hizi chukua, azione."

Chupa alizichukua. Alipita ukumbi mrefu wa hospitali, akapita mlango, akashika njia ya nyumbani, amezibeba mkononi, hakuzitia mfukoni. Nje baridi ilikuwa kali. Hakuzivaa.