Samaki wa Njano na Neno la Mwiko

— Mzee Teng-fa, acha!

Nilichelewa. Vijiti vyake vilikuwa vimeshaingia chini ya samaki, na kabla sijanyoosha mkono, kap! Samaki mzima akageuka kwenye sahani, mchuzi wa tangawizi ukarukia kitambaa cha meza.

— Upande wa chini ndio wenye mafuta, — akasema huku anatabasamu, ananiwekea mnofu kwenye bakuli langu. — Kula, Bi Pao-chu. Nimekupindulia.

Mwanangu Chih-hsien aliweka bakuli lake mezani taratibu.

— Umesema nini?

— Nimempindulia mama yako samaki.

— Toka.

— Chih-hsien! — nikasema.

— Mama, atoke. Kwenye nyumba hii? Mbele ya picha ya baba?

Maskini, Teng-fa alinitazama, akatazama samaki, akaitazama picha ya marehemu mume wangu ukutani, amevaa kofia ya unahodha. Nikaona anaelewa kidogo kidogo, uso unamshuka kama tanga lililokatwa kamba.

Yeye si mtu wa bandari. Kazaliwa Puli, huko milimani katikati ya kisiwa, ambako bahari wanaiona kwenye kalenda. Angejuaje? Hapa Keelung, nyumba ya mtu wa mashua haipindui samaki mezani. Ukimaliza upande wa juu, unanyanyua mfupa, unaula wa chini pale pale alipolala. Na neno lenyewe hulitamki. Ukitaka kugeuza chapati ya mayai, unasema “ilaze upande wa pili.” Nyumbani kwetu ndiyo kabisa, maana chombo cha mume wangu kilipinduka, miaka ishirini na miwili iliyopita, na Chih-hsien alikuwa na miaka kumi na mitatu, amesimama gatini na mwavuli kumsubiri baba yake.

Teng-fa akainuka. Akainama mbele ya picha, akainama mbele ya mwanangu, akavaa viatu bila kufunga kamba.

— Samahani, Bi Pao-chu. Sikujua.

— Najua hukujua.

— Samaki yule mwingine, — akasema mlangoni, — usimtoe kwenye kasha lake bado. Wiki mbili.

Akaenda zake na mvua. Ijumaa ilikuwa ile, na ndiyo siku niliyotaka kumwambia mwanangu kwamba mama yake, mjane wa miaka sitini na saba, amependa.

Sasa samaki yule mwingine ni nani? Ngoja niwaambie.

Sebuleni kwangu kuna tangi la maji ya chumvi. Alilianzisha Chih-hsien akiwa kijana, kisha akaoa, akahamia Taoyuan, akaniachia. Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini tangi lile nililisoma kama kitabu: chumvi kipimo gani, joto kiasi gani, nani anamwonea nani. Pampu ilipokufa miaka miwili nyuma nikaipeleka kwenye duka la samaki wa mapambo nyuma ya soko, na nyuma ya kaunta alikuwa amekaa Kuo Teng-fa, mgane, miwani puani, anapiga mswaki jiwe.

Siku ile ile nikamtegea kitendawili. Ndiyo tabia yangu, siwezi kukaa na mtu bila kumtega. Na masharti yangu ni yale yale: ukishindwa, unanipa mji. Pampu ikapona baada ya wiki moja, lakini mimi niliendelea kwenda dukani. Katika miaka miwili alishanipa Tainan, Hualien, Taichung, Yilan na Taipei yenyewe. Kisiwa karibu kizima ni changu. Puli tu alikuwa ananinyima.

— Puli kwetu, — alikuwa anasema. — Puli siitoi ovyo.

Basi Jumamosi moja, wiki moja kabla ya chakula kile, akaja na mfuko wa plastiki uliojaa maji na hewa, ndani yake samaki bapa wa njano, njano ya ganda la ndimu iliyoiva, mdomo umechongoka kama anataka kubusu.

— Nimestaafu leo, — akasema. — Duka nimemwachia mpwa wangu. Nimechukua kitu kimoja tu, nacho ni chako. Lakini mgeni hachanganywi na wenyeji siku ya kwanza. Mweke peke yake.

Tukamweka kwenye kasha la plastiki kule baraza la nyuma, karibu na mashine ya kufulia, na pampu yake ndogo. Mimi nikamtega:

— Yumo ndani ya maji, anakunywa kutwa, na kiu haimwishi. Nani?

Akacheka.

— Hicho nipe muda.

Sasa turudi kwenye Jumamosi ile ya balaa, asubuhi baada ya yeye kufukuzwa. Nimeamka, nimekwenda baraza la nyuma na chakula cha samaki. Yule wa njano hakuja. Alikuwa pembeni anahema haraka haraka, kisha ghafla akajirusha ubavu kwenye bomba, akajikuna, akatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na mdudu sikioni.

— Chih-hsien! Hebu njoo.

Mwanangu, aliyelala kwangu usiku ule, alikuja na mswaki mdomoni. Akachungulia.

— Anaumwa.

— Naona. Anaumwa nini?

— Mama, mimi nijue? Muulize aliyekuletea. — Akatema povu kwenye sinki. — Mzee wa nuksi yule. Samaki wa mezani kampindua, samaki wa tangini kaleta mgonjwa.

— Wewe mwenyewe umelisema hilo neno sasa hivi.

— Nimelisema kwa hasira.

— Na yeye alilisema kwa mapenzi. Lipi baya zaidi?

Akafuta povu mdomoni, akasema neno lililonichoma:

— Mama, huyu samaki akifa, naomba na habari za yule mzee ziishe. Sitaki ishara ya tatu.

— Na akipona?

— Akipona… — akainua mabega. — Akipona nitamwomba radhi. Lakini mtazame, Mama. Huyu haponi.

Nikachukua simu. Nikapiga mara tatu, haipokelewi. Nikaandika kwa kidole kimoja:

“Mzee, wa njano anaumwa. Anajikuna na kuhema.”

Alama mbili za kusomwa zimetokea, jibu hakuna. Nikaandika tena:

“Wewe kasirika nami, samaki hana kosa.”

Hapo hapo likaja jibu:

“Sijakasirika. Naona aibu. Ana madoa meupe kama chembe za chumvi?”

Nikavaa miwani, nikachukua tochi, nikapiga magoti sakafuni. Nikamzunguka samaki yule kama fundi saa. Chembe za chumvi hakuna. Ngozi safi. Lakini jicho moja lilikuwa na ukungu, kama kioo kilichopumuliwa.

“Hana. Jicho lina ukungu. Anatikisa kichwa.”

Simu ikalia.

— Bi Pao-chu, — sauti ya Teng-fa, haina mzaha hata kidogo, — pua ya samaki na macho yake, kuna chochote kimenata?

— Hakuna kitu.

— Kipo. Huwezi kukiona.

— Kitu kipo na hakionekani? Unanitega?

— Nakutega. Yuko juu ya mwili, anakula, ana macho na midomo, na ukimtazama unaona ngozi tupu.

Nikafikiri. Kitendawili kikiwepo akili yangu haiwezi kutulia.

— Mdudu wa rangi ya kioo.

— Umepata. Minyoo bapa. Yawezekana alitoka nayo dukani kwangu, na hilo ni kosa langu, ningempima vizuri zaidi. Sasa sikiliza. Una ile ndoo ya maji yasiyo na chumvi unayoyalaza yaishe dawa ya bomba, ya kuongezea tangi?

— Ipo. Yamelala tangu juzi.

— Yapashe mpaka yalingane joto na ya kasha. Tia magadi kidogo yale ya kuokea, weka hewa ndani. Halafu mtie samaki humo kwa dakika tano.

Chih-hsien alikuwa amesimama nyuma yangu. Akadakia:

— Samaki wa bahari kwenye maji ya bomba? Si utamuua!

— Nani huyo? — akauliza Teng-fa.

— Mwanangu.

— Kijana, — akasema polepole, — samaki atavumilia dakika tano. Mnyoo havumilii. Samaki ana ngozi na magamba, mnyoo ni kifuko tu cha maji. Ila Bi Pao-chu atakuwa na saa, na anahitaji mtu wa kushika kikapu cha kumkingia. Mimi siwezi kuja nyumbani kwenu.

Alisema hivyo tu, bila lawama. Mwanangu akanyoosha mkono, akakunja mikono ya shati.

— Weka simu kwa sauti kubwa, Mama.

Tukapima joto, tukalinganisha. Nikatia magadi kama pale ninapotengeneza maandazi ya mvuke. Chih-hsien akamkinga yule wa njano kwa kikapu cha plastiki cha kuoshea mboga, akamteremsha ndani ya ndoo. Mimi nikashika saa.

Nusu dakika, anaogelea. Dakika moja, anasimama. Kisha akakaza mwili, akalegea, akalala ubavu juu ya maji kama jani.

— Amekufa, — akasema mwanangu. — Nilikwambia, Mama. Amekufa!

— Mzee! — nikapiga kelele kwenye simu. — Amelala ubavu!

— Shavu linacheza?

Nikainama mpaka pua ikagusa maji.

— Linacheza!

— Basi hajafa, ameshtuka. Mguseni! Msimamishe… yaani mweke… mkalishe… — Namsikia anahangaika, anatafuta neno, analikwepa lile moja kama mtu anayeruka dimbwi. — Mlazeni upande wa… hapana, si mlaze! Mrudisheni alivyokuwa!

— Alivyokuwa vipi? — akauliza Chih-hsien, kidole kimesimama juu ya maji. — Nimtoe? Nimrudishe kwenye kasha?

— Hapana! Humo humo! M… m…

Nikamtazama mwanangu. Nikainua macho, na kwa mlango ulio wazi naiona picha ya mume wangu, kofia yake, tabasamu lake. Miaka ishirini na miwili.

— Mpindue, Chih-hsien! — nikasema. — Mpindue!

Kidole kikashuka. Kikamsukuma samaki kwa upole, akageuka, mgongo juu. Akayumba. Chih-hsien akamshikilia kwa vidole viwili, hata kupumua hapumui. Kisha mkia ukapiga. Mara moja. Mara ya pili.

Mvua ikapiga juu ya bati la jirani.

— Mama, — akasema mwanangu kwa sauti ndogo, — umelisema.

— Nimelisema. Na tumesimama bado.

— Tazameni chini mle ndooni, — akasema Teng-fa.

Tukatazama. Jamani! Chini mle ndooni, palipokuwa na maji matupu, kama ufuta. Chembe moja, tano, ishirini, nyeupe, bapa, zinadondoka kutoka kwenye ngozi ambayo muda mfupi nyuma niliapa haina kitu. Kila zikigusa maji yale zilikuwa zinageuka kutoka kioo kuwa maziwa. Na moja, ya mwisho, ikabanduka juu ya jicho lenyewe, ikashuka ikizunguka zunguka.

— Ala! — akasema Chih-hsien, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, amepiga magoti kama alipokuwa mdogo. — Mama, ona ile! Ilikuwa jichoni! Mzee Kuo, zilikuwa zinaishi jichoni?

— Jichoni, kwenye mashavu, kila mahali. Dakika ngapi?

— Tano, — nikasema.

— Mrudishe kwenye chumvi. Kasha lioshwe, maji mapya, maana wameacha mayai. Baada ya wiki mtarudia.

Mwanangu akamrudisha. Akakaa kitako sakafuni, suruali imelowa, anamtazama yule wa njano akitafuta kona yake. Halafu akavuta simu.

— Mzee Kuo.

— Naam.

— Wiki ijayo nitakuwa Taoyuan, nina kazi. Kikapu atashika nani?

— Mama yako anaweza kuomba jirani…

— Jirani hajui samaki. Njoo wewe. — Akaisogeza simu karibu. — Na jana nilikukosea adabu. Nisamehe.

Wiki ya pili akaja Teng-fa, viatu amevivua nje kabisa kwenye ngazi, utadhani anaingia hekaluni. Tukarudia dawa ya ndoo: zikadondoka chembe tatu tu. Wiki ya tatu hakuna hata moja, na yule wa njano akawa ananipokea asubuhi kwa mdomo wake wa kubusu, anadai chakula.

Siku tuliyomhamishia kwenye tangi kubwa tulikaa mbele ya kioo, mimi na Teng-fa, na chai.

— Bado una kitendawili changu, — nikamwambia. — Yumo ndani ya maji, anakunywa kutwa, kiu haimwishi. Muda nimekupa.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

— Jibu ni mimi. Duka zima maji, watu wanaingia wanatoka, na mimi kiu yangu pale pale mpaka ulipoleta pampu yako.

— Umekosa! — nikapiga paja. — Ni samaki wa maji ya chumvi. Chumvi inamkamua maji mwilini, ndiyo maana anakunywa kutwa. Umeuza samaki hao miaka thelathini na hilo hulijui?

— Nimeshindwa, — akasema, na macho yanacheka. — Basi nikupe mji. Na mimi nimebaki na Puli peke yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Jibu alilijua tangu siku ya kwanza, mfuko wa plastiki ukiwa bado mkononi mwake.

— Nimepokea, — nikasema.

— Puli haipokelewi ukiwa umekaa. Lazima uende. Na wakikuuliza kule wewe ni nani kwangu?

— Nitawaambia ndimi mwenye mji.

Tulikwenda mwezi uliofuata, na Chih-hsien ndiye aliyeendesha gari. Dada yake Teng-fa, mama mnene mchangamfu, alitupikia samaki wa bwawa, mkubwa, sahani haikumtosha. Tukala upande wa juu, tukacheka, tukapanga siku ya ndoa. Kisha yule dada akachukua vijiti, akavichomeka chini ya samaki.

— Dada! — Teng-fa akaruka, uso mweupe. — Usim… usi…

Chih-hsien naye akaacha kutafuna, akanitazama.

Mimi nikanyoosha bakuli langu.

— Mpindue tu, wifi, — nikasema. — Nimeambiwa upande wa chini ndio wenye mafuta.