Tundu Lililozibwa

Siku ya tatu baada ya samaki kufika mtaa wa Himbi, Goma, tundu dogo kwenye bomba lilianza kutaja jina la mtoto wa nyumba.

Byiringiro alisema ni hewa tu. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kushika spana, lakini hakuna jambo alilokosa kulieleza. Nyumba yake iko karibu na ziwa, ziwa zima la maji baridi, naye akaagiza chumvi, samaki na mawe ya matumbawe kutoka baharini ili wageni wakiingia wakose la kusema.

Tangi la kwanza lilikuwa ghorofani, la pili saloni, yaani sebuleni, la tatu kwenye kave, chumba cha chini kilichochongwa ndani ya jiwe la volkeno. Maji yaliteremka yenyewe toka tangi hadi tangi, kisha pompa ya kave ikayarudisha juu. Paulin, fundi bomba kutoka Butembo, alikuwa ametoboa tundu kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo tu ya uso wa maji ya tangi la juu. Alieleza kwamba umeme ukikatika, bomba litanyonya maji kurudi chini, kama wauza petroli wa barabarani wanavyovuta kwa mpira. Tundu litaingiza hewa na maji yatasimama. Aliomba pia tangi la kave liachiwe nafasi ya kupokea maji yatakayoshuka. Byiringiro alilijaza hadi ukingoni. Tangi pungufu, alisema, ni la maskini.

Sasa tundu likawa linapumua. "Mahoro," lilisema, kama mtu mwenye koo kavu, na kila likisema ghorofa yote ilinuka samaki aliyeoza. Annonciata, mke wa Byiringiro, alimwita fundi. Paulin alitega sikio, akarudi nyuma hatua tatu.

"Papa, mule muko jini," alinong'ona. "Ilikuya na ile mawe. Muirudishe."

"Sasa samaki itaishi wapi, fundi? Ku kiti?"

Byiringiro alicheka peke yake. Kisha akachukua gundi ya silikoni, akainua bomba nje ya maji, akaliziba tundu mbele yao.

Paulin alimgeukia Annonciata. "Mama, kama umeme inakatika, mutoto asikuwe kule chini."

Kesho yake mchana, kwa kuwa mkewe alikataa kula chakula saloni karibu na tangi, Byiringiro alimchukua binti yao Mahoro, wa miaka sita, akamkalisha kando ya tangi la kave asikilize, kisha apande kumwambia mama yake kwamba hakuna kitu. Akafunga mlango asitoroke. Mwanaume mwenye akili angekaa mwenyewe. Umeme ukakatika, kama unavyokatika Goma.

Annonciata alisikia pompa ikinyamaza, kisha ukuta mzima ukaanza kumeza, toka ghorofani kupita saloni hadi chini, Mahoro hakuwepo juu, na alipofika kwenye mlango wa kave kitasa kilikuwa baridi, kimeganda chumvi, kikakataa kuzunguka, na nyuma ya mlango mtoto hakuwa akilia bali alikuwa akijibu, "Ndiyo, mama, ndiyo, mama," akimjibu mtu ambaye si mama yake, ndipo akapanda ngazi mbilimbili, akatumbukiza mikono katika tangi la juu, akavuta ncha ya bomba nje ya maji kwa nguvu zote mpaka likavuta hewa, likakoroma, likanyamaza.

Tangi la juu lilikuwa limebaki nusu. Maji ya mapipa mawili yalikuwa yameshuka kwenye tangi la kave lililokuwa limekwisha kujaa.

Alipofika chini, mlango ulikuwa wazi. Sakafu kavu; hata vumbi halikulowa. Tangi lilikuwa tupu, na samaki wamelala kwenye changarawe wakifungua midomo. Mahoro alikuwa amekaa palepale, gauni kavu, midomo myeupe kwa chumvi.

"Ameniambia nikunywe yote," alisema polepole.

Annonciata aliinama ambebe. Alikuwa amebeba bidoni za maji toka ziwani tangu utoto wake, anajua uzito. Mtoto hakunyanyuka. Alivuta tena, na ndani ya Mahoro kitu kikachezacheza.

Byiringiro alisimama kwenye ngazi. Aliuliza kama samaki wamepona.

Umeme ukarudi, pompa ikaamka, na ndani ya kifua cha mtoto maji yakaanza kupanda.