Nguzo Fupi ya Mama Adolphine

Asubuhi huku mjini Baraka huanza na bidoni, madumu ya maji. Kabla ya chai, kila nyumba inauliza: leo tuteke maji wapi?

Ketsia alikuwa na jibu ndani ya simu! Alitengeneza programu yenye nguzo kadhaa, kila bomba la mtaa na nguzo yake. Nguzo ndefu, mstari mrefu wa bidoni. Nguzo fupi, mstari mfupi. Walinzi wa mabomba walituma hesabu ya mstari kila mara, na nguzo zikabadilika. Ukigusa nguzo, jina la bomba linatokea. Leo akina mama wa mtaa walikuja kuijaribu. Wakiikataa, jasho lote la Ketsia ni bure.

Mama yake, Adolphine, akagusa nguzo fupi. Akasoma “Bomba la soko”, akaondoka mbio. Akarudi na bidoni tupu, amenuna.

“Ketsia! Soko iko na mustari mpaka barabarani! Simu yako iko na bongo, inadanganya!”

“Mama, ulifinya nguzo gani?”

“Ile fupi! Angalia.”

Akabonyeza kwa kidole gumba. Soko tena! Akina mama wakaangua kicheko. Ketsia alitamani ardhi immeze.

Jirani yao Wilfried, fundi wa programu za simu, akaitazama.

“Ketsia, ulipima hii na nini?”

“Na ordinatere, yaya,” akamjibu kama kaka yake mkubwa, akionyesha kompyuta. “Na mushale.”

“Mushale iko mwembamba. Kidole ya mama iko munene. Nguzo fupi inamukosa, njo maana anafinya jirani yake murefu.”

“Sasa nifanye je?”

“Kila nguzo uipe njia yake yote, toka chini mpaka juu, hata pale wazi. Jina itokee juu kabisa, kidole isiifunike. Na nguzo ibadilike rangi, mama ajue simu imemusikia.”

Ketsia akaikalia kazi. Chai ikapoa, hakuna aliyeondoka.

“Mama, jaribu!”

Adolphine akagusa mahali patupu, juu ya nguzo fupi. Nguzo ikawa nyekundu: “Bomba la kanisa.”

“Eeeh! Imenisikia!” Akatimua mbio na bidoni zake.

Akina mama wakaitia programu katika simu zao. Wakagusa, wakaona kanisa, nao hao wakakimbia! Njiani wakapishana na Adolphine anarudi, bidoni zimejaa, anaimba.

Nyumbani akaigusa tena nguzo yake fupi. Sasa ilikuwa ndefu kuliko zote! Akacheka mpaka akakaa juu ya bidoni.

“Ketsia, kimbia! Baambie bamama baguse tena!”