Msalaba Wenye Pengo

"Bibi, usisaini! Weka kalamu chini!"

Nilipiga ukelele hadi kikombe cha kahawa cha wakili kikapinduka juu ya kitambaa cha meza.

Wote wakanigeukia. Wakili. Mume wangu Drago. Na kaka yangu Jure, aliyekaa pembeni ya bibi, mkono wake ukiwa mezani karibu kabisa na wangu.

Kaka yangu... niliyemlilia tangu utotoni! Kaka aliyepotelea vitani, akarudi nyumbani majuma machache tu yaliyopita.

"Una wazimu?" Drago akaninong'oneza, meno yamebana. "Kaa chini, unatuaibisha mbele ya mgeni."

Sikukaa.

Macho yangu yalikuwa yameganda kwenye ule msalaba mdogo wa bluu kwenye kifundo cha mkono wa Jure. Niliona kitu pale ambacho hakikupaswa kuwepo...

Jamani, wengi wenu mnanijua. Mimi ni Vinka, yule wa picha za ziwa la Rama na pita za viazi za bibi, ile mikate ya tanuri ya kujazwa ndani. Leo hakuna mapishi. Leo nawapa ya moyoni, na wenye presha msome polepole.

Nimelelewa na Bibi Luca, mama yake baba. Baba alifariki nikiwa sijui hata kutembea.

Bibi ana mikono iliyochanjwa misalaba, kama mabibi wengi wa Kikatoliki wa huku kwetu. Misalaba kwenye vidole, misalaba mgongoni mwa kiganja, na duara lenye matawi linalopanda hadi karibu na kiwiko. Alichanjwa akiwa binti, ikiwa myeusi tii. Sasa imekuwa bluu, mistari imetanuka na kuingia kwenye mikunjo ya ngozi, hata utadhani amevaa glavu za kufumwa.

Ukimuuliza maana yake anakujibu, "Ili Mungu asinipoteze kwenye kundi."

Majira ya kuchipua, kabla vita haijafika kijijini kwetu, siku ya sikukuu ya Mama Maria kupashwa habari, bibi alituita mimi na Jure jikoni. Alichanganya masizi ya taa na maziwa ya jirani aliyekuwa ananyonyesha, kama ilivyo desturi. Akashika sindano.

Nakumbuka maumivu. Nakumbuka kilio. Nakumbuka Jure alikuwa pembeni yangu.

Nikakua nikijua kwamba tulichanjwa wote wawili msalaba mmoja, siku moja, kwa masizi yale yale.

Kisha tukakimbia. Mimi na bibi tulipakiwa lori moja, mama na Jure lori lingine. La kwetu lilifika.

Vita ilipoisha mimi na bibi tukarudi kijijini. Mama alipatikana baadaye, tukamzika. Jure hakuonekana... si hai, si mfu.

Ule msalaba ukabaki ndio kaka yangu. Ila niwe mkweli, mjini niliuficha chini ya saa. Wasichana wa shule walikuwa wananicheka, "Vinka ana mkono wa ajuza!" Hata kazini, mapokezi hotelini, hakuna aliyewahi kuuona. Aliyeuona ni bibi, na aliyelala kitanda kimoja na mimi.

Shikeni hapo.

Sasa, nyumba ya bibi, tunamoishi wote, iko juu ya ziwa, na shamba la miti ya plamu linashuka hadi majini. Wajenzi wa hoteli wameitolea udenda miaka nenda rudi. Jibu la bibi ni lile lile.

"Nyumba ni ya Jure. Akirudi nitamwandikia. Asiporudi, itamsubiri."

"Bibi, unamsubiri nani?" Drago alikuwa anamwambia. "Huyo mtoto hayupo!"

"Wewe mbona upo na hakuna aliyekusubiri?"

Nilikuwa nacheka. Drago alikuwa hacheki.

Basi Jumamosi moja ya theluji, Drago akarudi kutoka Zagreb, alikokuwa kwenye kazi za ujenzi. Hakurudi peke yake. Nyuma yake kulikuwa na mwanaume mrefu, amejikunyata, kofia mkononi.

"Vinka," Drago akasema, sauti inatetemeka. "Mke wangu, kaa kwanza. Nimempata."

"Umempata nani?"

Yule mwanaume akavua glavu. Akapandisha mkono wa koti.

Msalaba!

Wa bluu, umepauka, mistari imetanuka... ule ule wa kwangu!

Mwenzenu nilimrukia pale pale mlangoni. Nilimkumbatia, nikambusu ule mkono, machozi na kamasi vimechanganyika. Akatueleza alivyookotwa na familia ya mbali, wakamlea kwa jina lingine, akabaki na kumbukumbu ya jikoni, sindano, na dada yake mdogo akilia.

"Nilikuwa nalia sana?" nikamuuliza.

"Sana, dada. Mimi ndiye niliyekushika mkono."

Nikampa chumba changu cha zamani. Nikamfulia. Nikampikia. Drago alipomwona anakula alikuwa anamimina raki, pombe kali ya plamu, na kusema, "Kula shemeji, hapa kwenu!" Nikamtazama mume wangu, nikasema moyoni, Vinka, uliolewa na malaika.

Malaika!

Bibi yeye hakulia. Alimtazama yule mgeni, akamtazama tena, akasema tu, "Karibu. Utakuwa na njaa." Nikajua ni uzee, furaha imemzidi.

Haya, turudi mezani.

Wakili ameletwa na Drago. Hati ya kumwandikia Jure nyumba iko mbele ya bibi. Drago anahimiza, "Hapa chini tu bibi, weka jina lako." Jiko la kuni linawaka, joto limezidi, Jure akajisahau, akakunja mikono ya shati. Mimi nilikuwa nimevua saa ili nioshe vyombo.

Mikono yetu ikalala mezani, bega kwa bega.

Nikatabasamu. Nikawa naifananisha polepole... tawi la juu, tawi la kushoto, tawi la kulia. Tawi la chini lina pengo katikati, kama langu. Hata pengo tumefanana!

Pengo...

Tabasamu likanifia mdomoni.

Lile pengo sikuzaliwa nalo wala bibi hakulichanja. Nililipata nikiwa darasa la nane, mkono ulipogusa mlango wa tanuri nikitoa pita. Ngozi ilibabuka, ilipopona ikarudi bila wino. Jure alikuwa amepotea zamani sana!

Ndipo nilipopiga ule ukelele.

"Jure," nikasema, najikaza. "Huu msalaba ulichanjwa lini?"

"Dada, maswali gani haya?"

"Nijibu tu."

"Siku moja na wewe. Bibi alituchanja wote."

"Na tangu hapo haujaumia? Haujaungua?"

"Hapana."

"Na hili pengo?"

Akacheka kidogo. "Si lilikuwepo tangu siku ile? Hata wewe unalo!"

Kuni zikapasuka ndani ya jiko.

"Langu niliunguzwa na hilo tanuri hapo nyuma yako," nikamwambia. "Wewe lako uliunguzwa na nini... kaka?"

Aliushusha haraka mkono wa shati.

Halafu akafanya kosa lililonimaliza. Hakunitazama mimi, hakumtazama bibi. Alimtazama Drago, kama mwanafunzi aliyesahau jibu anavyomtazama aliyemfundisha.

Na hapo nikakumbuka...

Kiangazi kilichopita, tumelala, jua la asubuhi limeingia dirishani. Drago aliushika mkono wangu, akanivua saa taratibu. "Kwa nini unauficha?" akaniuliza. "Ndio kitu kizuri kuliko vyote mwilini mwako. Acha niupige picha."

Jamani, nililia siku ile. Mume ambaye hata siku yangu ya kuzaliwa alikuwa haikumbuki! Nilimnyooshea mkono mwenyewe. Akapiga ya juu, akapiga ya karibu, akaniambia nigeuze kidogo kwenye mwanga.

Kumbe alikuwa anampelekea mchora tatuu kazi. Wakanakili kila kitu. Rangi iliyopauka, mistari iliyotanuka, hadi jeraha langu! Walitaka msalaba uliozeeka, wakasahau kwamba ulizeekea kwenye mkono wangu, si wa mtu mwingine.

"Drago... ni wewe?"

"Vinka, nisikilize."

"Ni wewe?!"

"Nilifanya kwa ajili yetu!" akalipuka. "Nyumba inaoza! Bibi yako anatunzia kiti maiti! Angesaini, tungeuza, tungeanza maisha, yeye angekufa akiwa na furaha yake. Nani angeumia?"

Nani angeumia...

"Nilimfulia soksi," nikasema. Sijui kwa nini ndilo lililonitoka. "Nilimfulia soksi nikiwa naimba, Drago. Ulikuwa unanisikia."

Wakili alikusanya karatasi zake bila kuaga mtu.

Yule mwanaume akainama mbele ya bibi. "Nisamehe, mama. Umenilisha kama mwanao."

"Koti lako liko msumarini," bibi akamjibu. "Chukua na pita ya kula njiani. Na wewe Drago mfuate, umwoneshe barabara, si wewe ndiye uliyemleta?"

"Bibi, hii ni nyumba ya mke wangu!"

"Ni nyumba ya Jure. Toka."

Nikaenda chumbani, nikarudi na begi lake, nikaliweka kwenye theluji. Alisimama pale nje akiita jina langu. Zamani sauti hiyo ingenilainisha. Niliufunga mlango, nikauegemea, nikalia.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nausikia tu. Sikujua kwamba kinaweza kukuvua saa na kukwambia u mzuri.

Nilipotulia, bibi alikuwa bado mezani, anachovya kipande cha sukari kwenye kahawa kana kwamba ilikuwa siku ya kawaida.

"Bibi, pole. Nusura usaini..."

"Nisaini nini? Ningejifanya nimezimia. Mtu wa umri wangu akianguka nani atambishia?"

Nikamtazama.

"Bibi... ulijua?"

"Tangu alipovua glavu."

"Uliona pengo?"

"Pengo gani? Macho yangu hayaoni hata kijiko. Niliona ana msalaba, basi. Jure hakuwahi kuwa na msalaba."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Nilikuwepo, bibi! Tulichanjwa wote!"

"Aliyelia ni wewe, na ulilia hadi hukuona kitu. Wewe ulikaa, ukamaliza. Kaka yako sindano ilipomgusa alichomoka, akapanda kwenye mti wa plamu, akakataa kushuka mpaka mama yako alipomtoa kwa bakora. Nikamwambia, sawa, utakuja tumalizie."

Akachovya tena kipande cha sukari.

"Hatukumalizia."

"Kwa hiyo hana alama?"

"Anayo. Ya sindano ilipofika."

Akanivuta karibu, akaniambia sikioni ni nini na iko wapi.

Nililia upya. Miaka yote hiyo nilikuwa namtafuta kaka yangu kwa alama ambayo hana!

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza kwa uchungu. "Ulijua na ukaniacha nimkumbatie mwongo, nimbusu mkono! Na wewe bibi umenisaliti?"

"Nilitaka kumjua aliyemtuma. Mwizi wa mbali hajui kwamba kuna msalaba." Akanishika mkono, mkono wake wa bluu juu ya wangu. "Na ningekwambia, mwanangu, ungemwambia mumeo."

Nilitaka kubisha, nikashindwa. Ningemwambia kweli. Ningemwambia usiku ule ule, kichwa kikiwa kifuani kwake, na mgeni wa pili angekuja na alama sahihi.

Drago na mimi tumeshaachana. Yeye anasema nimevunja ndoa kwa sababu ya doa la wino. Msinitukanie kwenye maoni, namwachia Mungu.

Ila kuna jambo nimeona kwenye jumbe zenu tangu nilipoanza kuligusia hili. "Vinka, tuambie ni alama gani tukusaidie kutafuta." "Vinka, ni nukta? Ni mstari? Mkono upi?"

Nawapenda. Siwaambii.

Mpende mtu, mpikie, mpe na kitanda chako. Lakini ubaki na kitu kimoja ambacho hujampigia picha. Hilo nimelilipia kwa ngozi yangu mwenyewe.

Na sasa ninyi wengine geukeni pembeni kidogo, haya ya mwisho si yenu.

Jure.

Kama uko hai, na kwa namna yoyote haya yamekufikia, usinitumie jina wala picha ya sura. Majina hutungwa, na picha nimezikoma. Niandikie tu kilichopo kwenye ngozi yako na kilipo. Najua kitakuwa kimepauka, labda kimetanuka hadi unadhani umezaliwa nacho. Hukuzaliwa nacho.

Plamu bado ipo. Bibi bado ana kikopo cha masizi juu ya kabati.

Anasema ulimwachia kazi nusu, na mkono wake bado hautetemeki. Njoo umalizie.