Jiwe Laini la Wakesho

Hadithi tena? Na maharage atachambua nani, paka? Haya, kaeni. Atakayenikatiza, nanyamaza.

Palikuwa na mtoto, Wakesho. Mdogo, mwembamba, miguu haitulii.

Nyuma ya kwao palisimama Mlima Ndarasha. Duka hakuna, barabara hakuna, watu hakuna. Upepo tu. Vuuu, vuuu.

Anayeupanda hubeba jiwe kutoka kijitoni. Kule juu huliweka kwenye rundo, mdomoni mwa njia. Ukungu ukija, tafuta rundo. Hapo ndipo njia.

Siku moja Wakesho alipanda na Mjomba Mnjama. Alibeba jiwe laini kama yai. Mjomba alibeba sufuria na mahindi.

"Jiwe lako liko wapi, Mjomba?"

"Mlima umejaa mawe, mpwa wangu! Nani hupeleka maji mtoni?"

Domo hilo!

Kileleni, Wakesho aliliweka jiwe lake taratibu.

"Hodi, mlima! Nimekuja na changu."

Vuuu, vuuu.

Mjomba akataka mafiga ya kuchemshia mahindi. Akachomoa mawe matatu, tena ya chini kabisa. Rundo likaporomoka. Porooo!

"Yatajipanga yenyewe," akasema. Akala.

Ukungu ukaja kimyakimya. Mlima wote ukawa mweupe kama uji.

Kushoto genge. Kulia genge. Rundo halionekani.

"Namtaka mama," akasema Wakesho.

"Hata mimi namtaka mama yako," akasema Mjomba. Akagonga sufuria, labda mtu atasikia. Ko, ko, ko.

Wakesho akainama. Akapapasa chini. Jiwe la mlimani, kwaruu! Jingine, kwaruu! Jingine…

Laini. Kama yai.

"Hili ni la kijitoni! Na hili! Na hili! Mjomba, njia ni hapa!"

Wakashuka wameshikana mikono. Aliyeshika kwa nguvu ni Mjomba.

Nyumbani, Wakesho akasimulia yote. Mama akamkumbatia. Akampa uji wa moto. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Mnjama, umechomoa matatu. Utapeleka thelathini. Moja moja. Na hodi utapiga."

Basi kila jioni Wakesho alijifunika blanketi, akasikiliza. Kutoka juu, mbali, ikaja sauti inayohema.

"Hodi, mlima! Hee… haa… Nimekuja na changu."

Vuuu, vuuu.

Wakesho akacheka, akalala.

Na Mjomba? Alilipa yote thelathini. La mwisho alilichagua Wakesho mwenyewe. Lilikuwa kubwa kama mbuzi.