Kipande cha Chini cha Rekoda

Siku ya soko pale Chaka, Wacera alikuwa na sweta ya kijani na leso ya manjano kichwani, akiuza madaftari na rekoda, zile filimbi za plastiki za wanafunzi. Mwanamume mrefu, viatu vikimetameta, akasimama mezani pake.

"Nipee moja, siste."

"Ya mtoto wa gredi ya nne?"

Alisita. "Eeh... ya gredi ya nne."

Kule kusita ndiko kulikoharibu mambo. Wacera aliwahi kupendwa na dereva mmoja wa mji wa Kenol aliyekuwa na mke na watoto watatu, na tangu hapo alimnusa kila mwanamume kwanza kama maziwa ya jana.

Wiki iliyofuata yule bwana alirudi. "Nibadilishie. Mwalimu amesema mashimo ya hii si kama ya wengine."

"Mwalimu wa nani?"

Akacheka tu, akaomba namba ya simu. Moyo nao ni mjinga, ukampa.

Aliitwa Kefa, polisi, kwao Vihiga. Aliapa hana mke wala mtoto. Miezi miwili ikapita kwa chai ya maziwa na simu za "umekula, sweet?" Wacera akampenda mpaka akajiogopa. Lakini mtu asiye na mtoto anunue rekoda ya nini?

Jumamosi moja adhuhuri alimpigia. "Uko wapi, babe?"

"Niko kazi. Kwa barrier ya barabarani, huku Kiganjo."

Nyuma yake rekoda zikalia, mtoto akapaza sauti, "Tunakungoja wewe!" Kisha ikasikika adhana.

"Nani huyo, Kefa?"

"Ni... ni raia tu." Simu ikakatika.

Barrier gani hiyo yenye msikiti na rekoda? Wacera alimwachia jirani yake Njoki meza, akashuka mjini Nyeri hadi mtaa wa Majengo, uliko msikiti. Akauzunguka, akafuata mlio wa rekoda hadi chumba kimoja cha kupanga. Njiani alikuwa ameshapanga atakachomwambia huyo mke. Akasukuma mlango.

Hakukuwa na mke. Kulikuwa na watoto sita kwenye benchi, mzee mmoja, Mwalimu Jackton, akiwapigia mdundo kwa rula, na mwisho wa benchi Kefa, magoti karibu kidevuni, rekoda mdomoni. Watoto wakaangua kicheko.

Wacera akamtoa Kefa nje. "Ati unasoma na watoto?"

"Nataka kuingia bendi ya polisi. Lazima nijue noti. Mtihani ni Jumatano. Nilikuwa naona aibu."

"Aibu peke yake?"

Kefa akatazama viatu vyake. "Nikipita, nahamishwa Nairobi. Niliogopa kukwambia."

Afadhali ingekuwa mtoto, Wacera aliwaza. Mtoto huyo angeweza kumlea.

"Nipigie hiyo rekoda."

Kefa akapiga. Wimbo ulienda vizuri hadi noti ya mwisho, ile ya chini kabisa, ikakwaruza. Wacera, anayejaribu kila rekoda kabla ya kuiuza, alilijua kosa papo hapo. Angenyamaza, Kefa angeanguka mtihani, na wangebaki wote huku huku. Na kweli alinyamaza kidogo.

"Unapuliza na nguvu sana," akasema mwishowe. "Pole pole, kama unapoza uji."

Noti ikatoka nzima. Macho ya Wacera yakajaa machozi.

"Umenipitisha, mpenzi."

"Lete hiyo kitu." Akachomoa kipande cha chini cha rekoda, akakitia mfukoni mwa sweta.

"Wacera! Bila hiyo siwezi piga noti ya mwisho!"

"Najua. Itakuwa kwa mama yangu kesho Jumapili. Kuja na mjomba wako, aongee na mama, ndio muichukue."

Kefa alimtazama, akaanza kutabasamu taratibu. Akatoa simu. "Wacha nimwambie saa hii."

"Weka spika," Wacera akasema.

Simu ikalia mara tatu. Sauti nzito ya mjomba ikajibu, "Kefa? Umekubaliwa na huyo msichana wa rekoda?"

Hapo tu ndipo Wacera alipomshika Kefa mkono.