Kitanda cha Gavana

Hii ilimpata rafiki yangu Zilpah, hapo karibu na Rangwe. Alipata kibarua kwenye ile nyumba ya mashambani ambayo wakoloni walimjengea gavana wao, naye gavana hakuwahi kulala humo hata usiku mmoja. Mara tatu Zilpah ametandika kitanda, mara tatu amekikuta kimevurugika, na mtoto wake Beverly nyumbani anangoja maziwa!

"Mama Beverly, umegeuza kazi kuwa gesti?" msimamizi Bonface akafoka. "Leo kikivurugika, nenda kwenu."

"Mkubwa, kwetu hakuna anayelala nyumba mpya kabla ya mwenyewe. Mimi ningethubutu?"

"Mwenyewe alishaoza Ulaya!"

Zilpah akatandika tena, machozi ya hasira yakimtoka. Bonface akafunga mlango mwenyewe, ufunguo mfukoni. Wakasimama kwenye korido, giza tupu, madirisha yote yamepigiliwa mbao. Ndani, springi zikalia polepole. Kiatu kikaanguka sakafuni. Kimya kirefu. Kisha cha pili.

Bonface akafungua. Hapakuwa na mtu wala kiatu, ila shuka zilizovurugika.

"Kazi ni yako, mama," akanong'ona. "Lakini apa kwamba hutamwambia mtu."

Zilpah akaapa, kiganja chake juu ya mto, na mto bado ulikuwa na joto.